Safu ya Sita

Nimechora jedwali, baba, kwa kalamu ya wino na rula ya mtoto:
nchi nne zikishuka, mambo matano yakienda kando.
Bei. Viza. Siku za kulala wodini. Lugha. Umbali.
Hema linanuka chai ya chumvi na samadi iwakayo,
nawe umeegemea ubavu wa kushoto
usije ukalilalia ini.

Wasemao mchagua nazi hupata koroma
hawajawahi kuchagua nchi.
Nazi unaigonga, unaitikisa sikioni.
Nchi utaitikisaje?

Seoul walijibu kwanza, usiku uleule:
picha ya jengo lenye bustani juu ya paa,
daktari mwenye meno yaliyopangwa kama kete,
na mwisho wa barua, tarakimu.
Nilizigeuza kuwa farasi, maana fedha nyingine huiamini.
Farasi arobaini na mmoja. Tunao thelathini na wanne,
ukimhesabu yule kipofu.

Delhi ni kumi na tisa, na kitanda cha msindikizaji bure.
Mke wa Batnasan alipelekwa huko, akarudi amenenepa,
anasimulia joto la kule kama mtu aliyeolewa nalo.
Bangkok wana punguzo kwa wanaokuja wawili.
Nimtafute nani mwingine, nilijiuliza, mwenye ini bovu?

Hohhot, ng'ambo tu ya mpaka, hawakutuma picha.
Farasi kumi na sita. Mwanamke alipokea simu kwa lugha yetu,
lafudhi imejikunja kidogo, kama pembe ya zulia la mlangoni,
akauliza: analala? anakula?
Halafu: malisho ya mwaka huu yakoje?
Sikujua swali hilo niliandike wapi.

Kaka Tumursukh anasema Seoul, deni ni la wanaume.
Shangazi Dulamsuren anasema lama kwanza, nchi baadaye.
Mimi nilisema Delhi, kwa kuwa nilipiga hesabu mara tatu
na mara zote tatu hesabu ilinitii.

Ukaivuta karatasi, ukaiinamia
kama unavyoinamia kwato lenye jiwe.
"Umesahau safu moja."
Ipi?
"Ya kurudi."
Nikasema nauli ya kurudi imo, baba, ndani ya bei.
"Ya anayerudi ameketi, imo.
Ya anayerudi amelala je?"

Kipande cha samadi kikapasuka jikoni.
Kaka akatoka nje kuangalia kitu ambacho hakikuwapo.

Kesho yake nilipiga simu tena, sauti yangu nimeivalisha suti.
Seoul waliniunganisha na idara, idara na muziki,
muziki na idara nyingine.
Delhi walinijibu kwa upole
wa watu waliokwisha kulijibu swali hilo asubuhi ileile.
Bangkok walidhani sijui lugha, wakalirudia neno "matibabu"
polepole, kama wanamlisha mtoto.
Wa Hohhot alinyamaza. Nikasikia kiti kikisogezwa.
"Gari moshi," akasema, "au lori la jirani.
Siku tatu kwa barabara.
Wangu tulimleta hivyo."

Nilichora safu ya sita. Rula iliteleza, mstari ukapinda.
Ukaweka kidole, cha manjano kama macho yako,
mbele ya jina la mwisho.
"Huyu," ukasema. "Aliyeuliza malisho."

Jumanne tuliwauza kumi na sita kwa mtu wa bonde la pili.
Leo Alhamisi, mizigo imefungwa nusu,
nimefungua mlango na jike la kijivu limesimama hapo,
kamba imekatika, jasho limeganda barafu shingoni,
linatutazama kana kwamba sisi ndio tuliochelewa.
Mnunuzi atafika mchana, na hasira zake.

Ulicheka, baba, mpaka ukashika ubavu.
"Mwandike na huyu," ukasema, "safu ya sita.
Umbali: mabonde mawili.
Gharama: kamba."