Mtu wa Darini

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi.
Ilipotoboa bati la stoo ya misheni
waliniita mimi na ngazi yangu ya mianzi.

Juu ya dari, chini ya kinyesi cha popo,
ubao mmoja ulilala kifudifudi,
umeziba tundu, tangu lini sijui.
Niliugeuza nikitafuta misumari ya kuokoa.
Akanitazama mtu.

Mzungu. Nywele za kubandika, nyeupe kama sufi,
koti la bluu, vifungo vikubwa kama sarafu.
Nyuma, karatasi: 1764,
na jina lililoliwa na mende
likabaki herufi tatu, von.

Mchungaji Mwaisumo akavua kofia.
«Huyu alikuwa mkubwa.»
Wiki ya pili akaja Dokta Mwanahija kutoka Dar,
glovu nyeupe, tochi ndogo kama kalamu.
Huenda ni mfadhili, akasema, mwenye mashamba;
vitukuu walimfungasha na Biblia na mbegu za kahawa,
akavuka maji bila kuulizwa.

Watu wakapanga foleni kumwona.
Bibi Tusekile akainamisha shingo huku, kisha huku:
«Namjua. Karani wa chama cha kahawa,
yule aliyetoroka na hela zetu.»
Tulicheka, hata Mchungaji.

Mimi kazi ya mwenzangu siianzii usoni.
Mlango mzuri hukudanganya kwa rangi,
bawaba ndiyo inayosema kweli.
Nikatazama mikono.

Mikono ya koti imekoma mbali na viganja.
Gumba la kushoto, ukucha mweusi,
umepasuka katikati. Nyundo ikikosa
haiendi kulia.
Na pembeni mwa kiganja, nundu ya ngozi
pale pale randa inapokaa.
Nikasogeza gumba langu karibu na lake,
bila kugusa.

Nikasema: Dokta, huyu si von.
Von ndiye mwenye koti.
Siku ile labda bwana ana homa, au uvivu tu,
mchoraji akamwita fundi wa fremu:
wee, hebu vaa hili, simama hapo dirishani.
Uso ataubadilisha kesho.
Kesho haikuja, au ilikuja
na mchoraji akaona huu unatosha.

Aliandika kitu kwenye daftari.
«Inawezekana,» akasema,
neno ambalo wasomi hufungia mlango polepole.

Sanduku la safari nililitengeneza mimi,
msonobari wa Rungwe, parafujo kumi na mbili.
Juu wakabandika: Bwana Asiyejulikana.
Ndani ya kifuniko, kwa penseli ya kupimia,
nikaandika: Fundi. Koti si lake.
Sikuweka jina langu. Ningeweka la nani?

Tundu la dari nimeliziba kwa ubao mpya,
mtupu pande zote mbili.
Usiku ule ule mvua ikaja kukagua.