Mkazo

Fundi Hamenya alikata vitenzi kwa penseli butu
mezani petu Kibirizi, kando ya mizani ya dagaa:
ha-bla-mos. Can-ta-rí-a-mos.
"Hesabu," aliniambia, "kama unavyohesabu visado."
Nikahesabu kwa vidole vyenye magamba.

Silabi zetu, alisema, huacha mlango wazi.
Zao nyingine hujifungia kwa ndani: mos, can.
Na kile kialama juu ya i
ni mgambo aliyesimama kati ya i na a
wasilale kitanda kimoja.

Mkazo haukunisumbua mwanzoni.
Sisi hukanyaga silabi ya pili kutoka mwisho
bila kuulizwa: soma, somea, someshana,
uzito unasogea na neno
kama mama anayehama na kapu lake.
Hata wao, mara nyingi, hukanyaga hapohapo.
"Mara nyingi," alisema fundi. "Sasa sikiliza."

Hablo: nasema. Mimi, sasa hivi.
Habló: alisema. Mtu mwingine, na imekwisha.
Herufi zilezile, uzito umehamia mkiani.
Nikamjibu na yetu: barabara ya kwenda Ujiji,
na kufunga mzigo barabara.
Alicheka hadi akashika kiuno.

Kisha akatoa mfukoni telegramu
iliyokunjwa mara nne, ya miaka ileile
aliyorudi kutoka Kuba na cheti cha injini za meli:
LLEGO MARTES.
Herufi kubwa tupu. Mashine haikubeba alama.

Lle-go. Nafika Jumanne.
Ndivyo alivyoisoma, na Jumanne baada ya Jumanne
alipanda stesheni na shati lililopigwa pasi.
Treni ikatema magunia, askari, kuku,
akarudi peke yake kwenye grisi yake.

Jioni ile, akinikatia silabi,
ulimi ukamteleza, ukakanyaga nyuma:
lle-gó.
Akanyamaza.
Alifika Jumanne.
Nani? Kitenzi chao, kama chetu,
hakisemi ni wa kiume au wa kike.

"Yamila alikuwa ameanza kunenepa," alisema.
"Nikadhani ni wali."

Mama aliniita, mteja anasubiri kilo mbili.
Nilipogeuka fundi alikuwa ameiegemea meza,
anaweka kialama juu ya ile O,
anakifuta,
anakiweka tena,
hadi karatasi ikaanza kutoboka.