Kwa Lugembe

Zamani, Mwanza nzima, ukitapeliwa
walikuambia: umepelekwa kwa Lugembe.
Bembea tatu, moja imefungwa kamba,
kiboko wa saruji aliyevunjika sikio,
soda ya moto, na mimi dirishani
nikikata tiketi kwa watoto wa shule
waliokwishajua hakuna kitu ndani.

Kisha vikaja vyuma, makontena saba,
vikapandishwa juu ya mawe ya Igombe.
Jina lake la kwenye karatasi lilikuwa refu;
watu walipoona kinavyojinyonga
wakakiita Kambare, basi.

Sasa wanashuka melini kutoka Bukoba,
mabasi yanatoka Kahama, Geita, Bariadi;
maharusi wanapiga mayowe na shela zao,
diwani ametapika, akarudi kwenye foleni.
Juzi sokoni Kirumba nilimsikia mama
akimsifu binti aliyefaulu mtihani:
"Huyu amenipeleka kwa Lugembe!"
Neno lile lile. Nikasahau chenji.

Kiboko hapigwi picha tena.
Namfuta vumbi asubuhi, kwa mazoea.

Jana, wakijaribu breki baada ya kufunga,
Masunga fundi akaniambia: Nzwalile, panda.
Miaka kumi na moja, sijapanda hata bembea.
Kileleni kilisita kidogo.
Nikaona ziwa, nikaona Ilemela,
nikaona bati langu, na tairi nililoweka juu yake
upepo usiling'oe.
Nikasema, kumbe ni dogo hivi,
sikumaliza