Milima Kumi na Miwili kwa Dakika

Wao wanaona tumbo.
Mimi nakaa kichwani, mwaka wa kumi na tisa sasa:
naona nywele, paji la uso,
kope nilizozibana kwa plasta zisikauke.

Jina lake Ndewirwa, wa Uru Kishumundu,
mgumu wa mlimani. Ngiri ameipandisha misimu mitatu
pamoja na mahema ya wageni, majiko ya gesi,
na viti vya kukunja vya watu waliolipa ili wachoke.
Kabla sijamlaza aliniuliza,
"Dada, nikishalala, nani atanivutia hewa?"
Nikasema: mashine. Mimi naihesabu.
Akacheka. "Kule juu wageni huvalishwa kidude kidoleni.
Sisi hupimwa kwa kutazamwa."

Sasa halotheni imemshika,
utamu wake kama tunda lililosahauliwa kabatini.
Asilimia mbili. Moja na nusu. Moja.
Nusukaputi, ndivyo tunavyoiita,
na hakuna aliyewahi kuniambia
ile nusu nyingine anaachiwa nani.

Kamrija kembamba kananyonya pumzi yake kidogo,
kama mwonja mbege: funda moja tu,
kisha kanasema imekomaa au bado.
Na kwenye kioo, mstari wa njano
unapanda wima, unatambaa bapa, unaporomoka.
Kibo.
Kibo.
Kibo.
Moshi wa jiko lake la ndani, hapa hapa Moshi:
thelathini na nane, thelathini na saba, thelathini na nane.
Ukitokea Mawenzi, wenye meno,
najua dawa ya kulegeza misuli inamwisha
na mwili umeanza kubishana na mashine.

Saa tano na dakika kumi, mlima haukuja.

Nikausubiri kama unavyomsubiri mtu
aliyekatisha sentensi.
Mstari ulilala, barabara ya kwenda Kahe.
Kidole kilisema tisini na nane.
Moyo ulisema sabini na mbili.
Bingwa alikuwa anasimulia bei ya ndama.
Damu ina akiba yake, na kidole ni mstaarabu mno,
hukuletea habari ya msiba matanga yameshaanuliwa.
Kengele ya mashine iliharibika tangu Pasaka.
Kengele ni mimi.

Sikupiga kelele. Niliufuata mpira kwa vidole,
mdomoni, shavuni, chini ya shuka la kijani,
mpaka kwenye kiwiko cha plastiki:
kimechomoka, na mashine kwa utiifu wake wote
inalipulizia shuka pumzi za Ndewirwa.
Nikasukuma. Nikazungusha. Nikakamua mfuko kwa mkono.

Haukuja.

Ukaja,
mrefu kuliko wenzake, arobaini na saba,
halafu arobaini na nne, halafu wa kawaida.
"Kuna shida?" Bingwa hakuinua macho.
"Hakuna," nikajibu, na kwa saa ile ilikuwa kweli.
Kwenye karatasi nimeandika: 5:10, mpira, sekunde arobaini.
Mwandiko umepinda kidogo.

Kioo hiki kililetwa mwaka juzi.
Kabla yake Sista Aikande alinifundisha kiganja juu ya mfuko,
sikio moja kwa mgonjwa, jingine kwa dunia.
Miaka kumi na saba ya sikio moja.
Kuna hesabu sitaki kuifanya.

Ndewirwa aliamka akikohoa,
akaulizia viatu vyake vya mlimani, siyo mkewe.
Mkewe alisikia. Hayo yao.

Jioni natoka getini, wingu limeshuka mpaka migombani,
kaskazini ni kijivu kitupu, hakuna mlima.
Nimesimama. Muuza karanga ananiuliza nimepoteza nini.
Nahesabu tano, sita, saba,
mkono wangu umejikunja wenyewe, umeshika mfuko usiokuwepo,
nane.