Mitungi ya Thamakra

Umetoka Karthago, kijana, siku tisa juu ya nyumbu,
na wino wako mzuri, na swali lako moja:
mitungi ile ilijaaje?

Kaa. Vua viatu, miguu imekuvimba.
Mimi ni Muthuni, shemasi, mtunza daftari.
Miaka thelathini na mmoja nimehesabu mali ya kanisa hili,
na kuihesabu hakujawahi kunichelewesha chakula.

Andika kwanza kwamba Iddibali alikoroma.
Andika kwamba Kilatini chake kilikuwa cha kuokoteza,
maaskofu wenzake wakamcheka mtagusoni,
naye akarudi akahubiri Kipuni,
lugha ya kuitia mbuzi,
na wakamuaji zeituni wakajaa hadi nje ya mlango
kwa kuwa siku hiyo Mungu
alisema nao kama jirani.

Hilo huandiki? Haya.

Mwaka wa njaa, basi. Nzige walikula magome,
walikula kamba ya kisima.
Alinituma pwani na kikombe cha fedha cha altare.
Nililia njia nzima, kwenda.
Nilirudi na magunia kumi na manne ya shayiri,
na Jumapili ile tukakomunika kwa bakuli la udongo lenye ufa,
divai ikimchuruzikia vidoleni, akivilamba kama mtoto.
Matajiri watatu walihama kanisa kwa sababu ya ufa ule.

Mitungi. Najua. Niache nifike.

Wajane arobaini na wawili.
Jioni mitungi mitupu, alfajiri imejaa mafuta.
Mji mzima uliapa kuwa ni malaika.

Malaika alikuwa na ngiri.
Kila kona alisimama, akashika kinena, akahema.
Malaika wa pili nilikuwa mimi,
kiriba mgongoni, nikitukana kimoyomoyo.
Mafuta yalikuwa ya dada yake, Arisha,
aliyekamua shamba lake mpaka mawe ya kinu yakasaga hewa.
Alipokufa tulimzika gizani.
Hakukuwa na tone la kutia kwenye taa.

Nilimwuliza, Baba, kwa nini usiku?
Akasema: Ukimpa mtu mchana, umemnunua.
Mpe usiku, awe na deni kwa Mungu tu,
na Mungu hajui kudai.

Yeye alikufa kwa homa, mwezi wa kupogoa.
Aliniuliza tunadaiwa na nani. Nikamsomea.
Akasema, uza joho.
Joho halikutosha,
kwa hiyo yule mnayemwita mtakatifu
amelala ndani ya blanketi la nyumbu.
Sasa wanakuja kuchota vumbi la kaburi,
wanasema linanukia mafuta.
Mimi nanusa nyumbu.

Umeacha kuandika. Nilijua.

Lakini ngoja, usifunike wino.
Daftari hili hapa. Soma mwenyewe, ukurasa wa Arisha:
kinu chake kilitoa mitungi mia moja na minne,
kisha kikanyamaza.
Na huu ni ukurasa wangu, tuliyopeleka,
alama moja kwa kila mlango, kwa mkono huu:
mia moja thelathini na mmoja.

Nimejumlisha kila kipupwe tangu afe.
Nimejumlisha kwa kokoto, kwa vidole, kwa hasira.

Siipendi hesabu hii.
Iandike au iache.
Ila usiipambe.