Jua la Kushoto Juu

Tukuyu, mwezi wa tatu, jua ni habari ya kusimuliwa.
Mvua imepiga bati tangu alfajiri
na Rungwe, mlima mzima, umemezwa
kama tonge.

Ndani ya duka langu la steshenari, futi nane kwa kumi,
mimi ndiye ninayeamua jua litoke wapi.
Nimelipachika kushoto juu, nje kidogo ya skrini,
mahali pasipo na kitu.

Bi Anyosisye anataka barua za chama chao cha kahawa
ziwe na muhuri uliovimba, kama zamani.
Ile mashine ya chuma ya kubana karatasi
imevunjika taya. Ameileta kikapuni,
kaiviringisha kitenge kama mgonjwa.
"Wewe una kompyuta," anasema. "Inua."

Basi nainua.
Nachora duara, ndani yake tawi,
buni saba, jani moja lililokunjika ncha.
Ni mistari ya hesabu tupu: ivute
iwe pana kama ukuta wa kanisa, haichaniki.
Nalipaka umbo rangi ileile ya karatasi,
rangi ya maziwa yaliyolala,
na hapo linapotea. Lipo, halipo.
Kazi ndiyo kwanza inaanza.

Nakala ya kwanza: nukta mbili kushoto, mbili juu,
nyeupe kabisa, naisukuma nyuma.
Nakala ya pili: nukta mbili kulia, mbili chini,
kijivu cha ukungu wa mashamba ya chai, nayo nyuma.
Nafifisha kingo, polepole,
mpaka hujui kivuli kimeishia wapi.
Ukizidisha, muhuri unatumbuka kama jipu.
Ukipunguza, unalala kama chapati.

Nasogeza. Narudisha. Nasogeza.

Mara buni zinajaa, jani linanyanyua ncha,
na mimi niliyetunga uongo huu
nanyoosha kidole kwenye kioo.

Nachapa. Bi Anyosisye haangalii:
anapitisha dole gumba.
"Mbona imelala?"
"Hii ni ya macho, mama. Si ya kidole."
Anaielekeza karatasi mlangoni, anaigeuza huku na huku.
Kivuli kimeganda palepale.
"Jua lako," anasema, "halitembei."

Umeme ukakatika.

Gizani nikasikia mfuko wa nailoni ukichakura,
kisha mkono wake ukaukamata wangu
na kuulaza juu ya barua ya mwaka nisiokuwa nimezaliwa.
Nikasoma kwa ncha ya kidole:
duara, tawi, buni moja, ya pili, ya tatu...
Ya sita ilikuwa na ufa.
"Hiyo ilianza siku mume wangu alipoiangusha," akasema.
"Alikuwa katibu. Alikuwa na haraka."
Mvua ikajaza palipobaki.

Umeme uliporudi sikuwa nimehifadhi chochote.
Nikaanza upya, duara, tawi,
na buni ya sita nikaipasua.
"Sasa jua nilitoe wapi?" nikauliza, nusu mzaha.
Akafikiri kwa dhati. Ofisi ya chama, mlango,
meza ya katibu, benchi la wakulima.
"Chini. Mkono wa kulia."

Nikabadilisha: nyeupe huku, kijivu kule.
Na muhuri, mstari wowote usiguswe,
ukatitia.
Tawi likazama kwenye karatasi
kama unyayo kwenye tope la Masoko.
Nikataka kufuta. Akanishika bega.

"Acha. Huo ni mgongo wa barua.
Tulikuwa tunaigeuza, tukiwa benchini,
kuhakikisha imebanwa kweli."

Akafungua pindo la kitenge, akahesabu noti zenye unyevu.
"Chapa pande zote mbili," akasema.
"Mbele umevimba, nyuma umezama.
Ukidanganya, danganya mpaka mwisho."

Shilingi elfu nne na mia tano.
Mashine yake ameniachia dukani, ndani ya kikapu,
eti nitafute fundi wa kulichomea taya.