Ndoo Mbili

Siku ya sita, baba hajaenda.
Ndivyo tunavyosema hapa nyumbani, hajaenda,
kana kwamba kuna basi linamsubiri Kiboriloni.

Ni vidonge vya bega, alisema nesi,
vinatuliza maumivu, vinafunga choo.
Baba akageukia dirisha,
yeye aliyepima kahawa ya watu miaka thelathini
na hajawahi kulitaja tumbo lake mbele ya binti.

Nimeanza na papai la Mbuyuni,
nikakwangua mbegu kwa kijiko, nikakamulia ndimu.
Maji ya uvuguvugu kabla jogoo hajamaliza.
Ukwaju uliolala kwenye bakuli.
Maharage. Mchicha. Maji tena.
Machalari nimemnyima,
ananuna kama mtoto wa chekechea.
Mama Ndeshi wa jirani kaleta kipande cha sabuni,
akanionyesha kwa kidole namna ya kukichonga.
Nikamshukuru sana.
Sabuni nimefulia.

Tembea, baba.
Tunatoka mlango wa jikoni hadi zizini,
mkono wake umening'inia kwenye khanga,
mimi nahesabu hatua,
yeye anajifanya anakagua migomba.
Anatazama mawingu kule juu, anaguna:
"Nao mlima haujatoka wiki nzima.
Mbona huupelekei papai?"

Usiku nampaka mafuta tumboni,
kiganja kikizunguka saa inakozunguka,
taratibu, pagumu kama gunia lililoshindiliwa.
Redio inasoma bei za mazao.
Hatutazamani.
Akitapika, au tumbo likivimba, au nikiona damu,
gari la Elirehema liko tayari, nimeshampigia.
Hilo sijamwambia.
"Ukiusukuma mzani," anasema gizani,
"unakupa uongo."
Sijui ananifundisha au anajitetea.

Alfajiri nimemwekea miguuni
kigoda cha marehemu mama, cha kukamulia ng'ombe,
magoti yapande, mgongo uiname.
Nimefunga mlango.
Nimekaa nje juu ya debe, chai inapoa mkononi,
nasikiliza kama mwizi.

Kimya.
Kikohozi.
Kimya kirefu, ng'ombe wawili wamelia,
mtoto wa jirani amepita na madaftari yake.

Halafu sauti yake, ile ya zamani,
ya mtu anayeita gunia linalofuata:
"Aisaria!"
"Abee, baba."
"Lete maji."
Kidogo anyamaze, kisha, kwa fahari asiyoweza kuificha:
"Lete ndoo mbili."

Nimezikimbiza hizo ndoo.
Nusu yake imemwagika njiani.